Ndiyo ya Babu

Siku ukoo wetu ulipokutana Likoni kuamua habari ya kiwanja cha minazi, babu yangu alisema "ndiyo" mara tatu. Tulikuwa tumejazana barazani. Ami alikuwa amekuja kutoka Changamwe, Shangazi kutoka Mishomoroni upande wa Kisauni, na wote wawili walilalamikia foleni ya feri kabla hata ya kuuliza mgonjwa kaamkaje. Bibi akapitisha chai ya tangawizi. Ami akamwinamia Babu, akamuuliza kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama vile kiharusi kilikuwa kimemfanya kiziwi: "Baba, kile kiwanja cha Shika Adabu, tukiuze?"

"Ndiyo," Babu akasema.

"Tukiuze kweli?"

"Ndiyo. Ndiyo."

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unapepea hewani, kiganja kimeelekea chini, kama mtu anayefukuza nzi juu ya sahani. Nilidhani kuna nzi. Au tuseme nilijiambia kuna nzi. Baadaye karatasi zikaletwa pamoja na wino. Ami akaushika mkono uleule wa kushoto, akautuliza, akakibana kidole gumba kwenye karatasi.

Fungu moja la pesa hizo lilinilipia karo ya muhula uliofuata. Nimeanzia hapo ili msomaji ajue mapema nina deni gani katika habari hii.

*

Babu alipigwa na kiharusi Februari 2019, wakati fulani baina ya usiku wa manane na adhana ya alfajiri. Mimi nilikuwa chuoni. Haya nimesimuliwa na Bibi. Aliamka kuswali akamkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, anajaribu kusema kitu na kinachotoka ni mguno. Jirani mwenye tuktuk akawashusha hadi kivukoni. Daraja la kuelea la Liwatoni lilikuwa bado halijawekwa. Mtu wa Likoni mwenye haraka na asiye na haraka, wote walingoja feri ileile.

Viharusi ni vya aina mbili kubwa. Kuna cha mshipa kuziba, damu ikashindwa kufika sehemu ya ubongo, na kuna cha mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani. Kwa kile cha kuziba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1995 lilionyesha kwamba dawa hiyo inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 utafiti mwingine, wa Ulaya, ukausogeza muda huo hadi saa 4 na nusu. Lakini kwanza picha ya CT ithibitishe kwamba hakuna mshipa uliopasuka, na pili saa ya kuanza kwa ugonjwa ijulikane. Aliyelala mzima akaamka mgonjwa, nani anajua saa yake? Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu akakuta kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli milioni 1.9 kila dakika. Bibi haijui hesabu hiyo, nami sijamwambia.

Mshipa unaohusika zaidi na habari yetu ni ateri ya kati ya ubongo, upande wa kushoto. Kwa watu wengi ndiyo inayolisha sehemu za lugha. Likiziba tawi lake la juu, maneno hukwama, na kwa kuwa tawi hilo linalisha pia sehemu inayoamuru uso na mkono, upande wa kulia wa mwili nao hulegea. Likiziba tawi la chini, mtu hutiririka maneno bila shida lakini maana humponyoka, ya maneno yake na ya wenzake. Likiziba shina lenyewe, yote mawili huondoka, kusema na kuelewa. Hali hizi zote huitwa afasia. Ziko nyingine pia. Kuna anayesema na kuelewa vizuri ila hawezi kurudia sentensi aliyoambiwa sasa hivi, na kuna aliyebaki na kila kitu isipokuwa majina ya vitu, akiona kijiko atakwambia "kile cha kukorogea."

Babu lilikuwa tawi la juu. Madaktari walituambia anaelewa mengi kuliko anavyoweza kusema. Tuliitikia kwa vichwa. Nadhani hakuna aliyeamini.

Mtaani kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa huo. Presha, walisema wengine, na kweli Babu alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha miezi kadhaa kwa sababu alijiona yuko sawa. Upepo, walisema wengine. Kuna waliosema amekanyaga kitu. Na si Likoni peke yake. Watafiti waliouliza watu nchini Tanzania na kuchapisha majibu yao mwaka 2008 walikuta kwamba Dar es Salaam, jiji lenye hospitali kubwa, wengi walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi. Timu iliyohesabu wagonjwa wa kiharusi kati ya 2003 na 2006 ilikuta, baada ya kusawazisha umri, takriban wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, mashambani karibu na Kilimanjaro, na takriban 316 Dar es Salaam. Kwa maisha ya mtu wa Mombasa, chumvi yake, presha yake, kukaa kwake kwenye foleni, mimi nadhani jirani yetu ni Dar, si Hai.

*

Nilirudi chuoni mwezi Mei, karo imelipwa. Nilikuwa nasoma isimu, mwaka wa pili. Wiki hizo tulifika mada ya lugha na ubongo, na mhadhiri akatuonyesha ukutani picha ya ubongo ulioharibika upande wa kushoto, mbele.

Ubongo ule ulikuwa wa mtu aliyelazwa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre, kusini mwa Paris. Aprili 1861 mguu wake wa kulia ulioza, akahamishiwa wodi ya upasuaji. Daktari wa huko, Paul Broca, alimuuliza maswali, na kila swali likajibiwa "tan, tan". Hospitali nzima ilimwita hivyohivyo, Tan. Akikasirika sana aliweza kutoa tusi zima la Kifaransa lenye jina la Mungu ndani yake, kisha anarudi kwenye tan. Alifariki tarehe 17 mwezi uleule. Broca akautoa ubongo, akauonyesha kwa wenzake wa Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris, akauambia ulimwengu kwamba kusema kuna mahali pake kichwani.

Kabla ya kifo hicho, Broca aliwahi kumuuliza ana miaka mingapi hapo hospitalini. Yule bwana alifungua kiganja mara nne, halafu akainua kidole kimoja. Tano mara nne, ongeza moja, 21. Jibu sahihi kabisa. Mtu ambaye wodi nzima ilimwita kwa sauti aliyokuwa akiitoa alikuwa anahesabu miaka yake humo ndani, na hakuikosea.

Jina lake alikuwa Leborgne. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mtu kujali vya kutosha kuutafuta wasifu wake. Mwaka 2013 msomi wa Poland, Cezary Domański, alichapisha alichokikuta kwenye kumbukumbu za Ufaransa: Louis Victor Leborgne, mzaliwa wa Moret, fundi wa kuchonga kalibu za viatu, mgonjwa wa kifafa tangu ujana.

Mwaka uleule wa 1861 Broca alipata mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aliyeitwa Lelong. Huyu alibakiwa na maneno matano tu. Moja lilikuwa "tatu", nalo alilitamka vibaya, akalitumia kwa kila idadi. Alipoulizwa ana watoto wangapi alisema "tatu", huku akiinua vidole vinne. Alikuwa na watoto wanne.

Darasa lilicheka kidogo. Si kicheko kibaya, ilikuwa saa nane mchana na watu wamechoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona mkono wa Babu ukipepea, kiganja chini. Kwa mgonjwa wa namna hii "ndiyo" na "hapana" zinaweza kubadilishana nafasi mdomoni huku mtu mwenyewe akijua vizuri anachotaka. Neno likigombana na mkono, Broca alisikiliza mkono. Sisi barazani tulisikiliza neno, kwa sababu neno ndilo lililotufaa.

*

Mwaka 1874 kijana wa miaka 26, Carl Wernicke, alichapisha kitabu chembamba mjini Breslau, ambao siku hizi ni Wrocław, Poland. Wakati huo wengi walidhani afasia ni ile ya Broca tu. Yeye alieleza nyingine: wagonjwa wanaosema mfululizo, kwa lafudhi nzuri na pumzi ya kawaida, lakini maneno hayashikani, na wakiambiwa jambo hawaelewi. Jeraha lao liko nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto. Na jambo linalowaponza ni kwamba mara nyingi mikono na miguu yao ni mizima. Hakuna mdomo uliopinda, hakuna mkono ulioning'inia. Kwa hiyo hakuna anayefikiria kiharusi.

Nilipomsoma Wernicke nilimkumbuka mama mmoja jirani ya Shangazi, Mishomoroni. Sitamtaja. Asubuhi moja aliamka akaanza kuongea Kiswahili ambacho si Kiswahili. Mdundo ulikuwepo, maswali yalipanda mwishoni kama maswali, hata kicheko kilikuja mahali pake, lakini ndani hamna kitu, na maneno mengine hayako katika lugha yoyote. Ukimwambia "kaa", anakutazama. Ukimwambia tena, anakasirika. Watu wakasema ana jini, na tena jini msomi. Akasomewa, akafukizwa, akapelekwa kwa mtaalamu mmoja na kwa mwingine, wiki zikapita kabla mwanawe hajampeleka kupigwa picha ya kichwa, na picha ikaonyesha mshipa ulioziba. Siwacheki waliomfukiza. Walikuwa wanamtafuta kwa njia wanayoijua. Lakini kwa wiki hizo alitendewa kama nyumba iliyoingiwa na mtu mwingine, na mwenye nyumba alikuwa yumo ndani wakati wote, akiogopa kuliko wao.

*

Babu alikuwa mhudumu wa hoteli. Miaka ya themanini alivuka kila siku kwenda kusini, Diani, kufanya kazi katika moja ya hoteli za kundi la Alliance, zile za akina Jadini na Africana Sea Lodge. Mwenye hoteli alikuwa Kenneth Matiba. Kwa hiyo nyumbani kwetu jina la Matiba halikuwa la siasa kwanza, lilikuwa la tajiri. Babu alikuwa na hadithi moja juu yake aliyoirudia kila msimu wa uchaguzi, alipokuwa bado na maneno, na hadithi yenyewe ni ya kweli.

Mei 1990 Matiba na Charles Rubia waliitisha waandishi wa habari Nairobi na kudai vyama vingi. Julai, siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mei 1991, akiwa bado mikononi mwa serikali, Matiba alipigwa na kiharusi. Siku zilipita kabla ya kupata matibabu yaliyostahili. Juni akaachiliwa, akapelekwa London. Alirudi Mei 1992 na umati mkubwa ukampokea, lakini kiharusi kilikuwa kimechukua kusoma na kuandika. Mtu aliyekuwa katibu mkuu wa wizara, mkurugenzi wa kampuni ya bia, waziri, sasa hakuweza kuandika.

Desemba mwaka huo aligombea urais kwa tiketi ya Ford-Asili. Akawa wa pili nyuma ya Moi, kwa takriban kura milioni 1.4. Alipokwenda mahakamani kupinga matokeo, hati ya kesi ilisainiwa na mkewe, Edith, kwa mamlaka ya uwakili aliyokuwa amepewa. Mawakili wa upande wa pili wakasema sheria inataka mlalamishi asaini mwenyewe. Mahakama Kuu ikakubali, ikaitupa kesi. Haikufika kwenye kura. Ilikomea kwenye kalamu.

"Kura milioni na zaidi," Babu alikuwa akisema, akigonga meza, "halafu wanamuuliza kalamu!"

Agosti 2017 mahakama iliamuru serikali imlipe Matiba zaidi ya shilingi milioni 500 kwa mateso aliyoyapata kizuizini. Hoteli zilikuwa zimekwisha kumtoka. Alifariki Aprili 2018, miezi kumi kabla ya mhudumu wake wa zamani kuamka na mdomo umepinda.

Sitampa Matiba jina la kitabuni la ugonjwa. Mimi si daktari, na hata shahada sina. Lakini nimeziweka kesi hizi mbili pamoja, ya Nairobi na ya baraza yetu. Mahakamani kila mtu alijua Matiba anataka nini, ila mkono wake haukuweza kuliandika jina, basi alichotaka kikahesabiwa hakipo. Kwetu mkono ulikataa waziwazi, ila mdomo ulitoa neno na kidole kikaacha alama, basi ridhaa ikahesabiwa ipo. Ni makosa mawili yanayotazama pande tofauti, na chanzo chake ni kimoja. Tumezoea kudhani kwamba neno ndilo mtu. Neno likiharibika, tunamwona mtu mwenyewe kaharibika. Likitoka zima kwa bahati mbaya, tunalichukua na kuondoka nalo.

*

Mwisho wa muhula ule niliacha chuo. Sitasema ni kwa ajili ya Babu tu. Alama zangu hazikuwa nzuri, na karo ya muhula mwingine haikuwepo. Kiwanja huuzwa mara moja. Nilirudi Likoni, nikaanza kuandika vitu vidogo vidogo vya kulipwa, na mchana nikawa nakaa na Babu.

Ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo vitabu vilikuwa vimenieleza. Babu asiyeweza kuomba maji aliweza kusoma Alfatiha kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Mara ya kwanza Bibi alilia, akatuma watoto wakawaite majirani: kapona! Akamaliza, akaulizwa jina lake, akanyamaza. Daktari Hughlings Jackson wa London aliandika juu ya jambo hili katika karne ya 19: matusi, sala, salamu, hesabu za moja mpaka kumi, vitu vilivyokaririwa, huweza kubaki hata pale maneno ya kutungwa papo hapo yanapoondoka. Kabla yake, mwaka 1745, Msweden Olof Dalin alimweleza mtu aliyepoteza usemi lakini kanisani akaimba tenzi na wenzake. Watafiti wa Boston waliligeuza jambo hilo kuwa tiba mwaka 1973: unamfundisha mgonjwa kuimba sentensi fupi huku ukigonga mdundo kwa mkono wake wa kushoto, kisha unapunguza wimbo polepole mpaka yabaki maneno.

Basi nami nikajaribu, bila ufundi wowote. Mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye tulimwona mara chache ng'ambo ya feri, alinionyesha namna. "Na-ta-ka ma-ji," juu, chini, huku nikigonga. Wiki ya tatu Babu alitoa neno. Halikuwa "maji". Lilikuwa "madzi", Kidigo cha mamake.

Kuna mjadala wa zamani juu ya hili. Mfaransa Théodule Ribot, mwaka 1881, alisema yaliyoingia kwanza akilini ndiyo yanayodumu. Mwenzake Albert Pitres wa Bordeaux, mwaka 1895, aliwatazama wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja, akasema hapana, inayorudi kwanza ni ile iliyotumika zaidi. Babu aliwapa wote wawili haki. Baada ya "madzi" ya utotoni, neno la pili kurudi lilikuwa "bitte". Miaka yote ya kubeba sinia mbele ya Wajerumani wa Diani! Ukimpa kikombe, "bitte". Ukimrekebishia mto, "bitte". Kiingereza chake kizuri, ambacho alijivunia kuliko hicho Kijerumani cha kuokoteza, hakikurudi.

Yule mtaalamu alitufundisha pia jambo dogo ambalo lingetusaidia miezi mingi nyuma. Msimuulize huku mnaongea wengi. Swali moja, fupi, kisha ngoja. Ngoja hata kama kimya kinakuchoma. Usimmalizie. Chora. Na kabla ya kuamini ndiyo yake, mkubaliane alama ya mkono: kidole gumba juu ni ndiyo, kiganja chini ni hapana. Halafu uligeuze swali, uliulize kinyume, uone kama jibu nalo linageuka.

Alama ya pili Babu hakuhitaji kufundishwa. Tayari alikuwa nayo.

Ilinichukua muda kumuuliza. Nilichora kwenye daftari minazi mitatu na ukuta, kwa sababu aliyenunua ameshajenga ukuta. Nikamwonyesha alasiri moja tukiwa wawili, Bibi ameenda sokoni. "Babu, siku ile. Ulitaka tuuze?"

"Ndiyo," akasema. Kiganja kikashuka, kikapepea.

Nikageuza. "Ulikuwa hutaki?"

"Ndiyo." Kidole gumba juu.

Nikamwambia niliuona mkono wake siku ile. Nikamwambia karo yangu imetoka pale. Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui ni mangapi yalimfikia, lakini hakupepea mkono wala hakuinua kidole. Akalivuta daftari, akafungua ukurasa wa kikombe, akagonga picha. Nikaenda kumchemshia chai. Nilipompa akasema, "Bitte."

Nilimpigia Ami simu usiku ule. Kwanza alisema kile nilichojua atasema: "Lakini alisema ndiyo, sote tulisikia." Nikamweleza juu ya mzee wa Paris, tatu mdomoni na nne vidoleni. Nikamweleza juu ya mkono. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akasema kesho ana kazi mapema, akakata.

Kiwanja hakijarudi na hakitarudi. Ila Ijumaa iliyofuata Ami alivuka kutoka Changamwe, akaingia barazani, na badala ya kusimama mbele ya Babu na kupaza sauti kama kawaida yake, alivuta kigoda akaketi upande wa kushoto, pale ambapo mkono mzima unaonekana. Akamuuliza kama amekula. Kisha akangoja.